Ukidanganya kupata fao la kukosa ajira unafungwa miaka mingapi?

Nina kibanda cha steshenari huku Nyakato, Mwanza, nachapa barua, natoa kopi, naskani, najazia watu fomu, na kabla ya hapa nilikuwa karani kwa wakili mmoja mjini kwa miaka kadhaa kwa hiyo mimi sio mwanasheria ila mafaili ya kesi nimeyabeba sana. Juzi asubuhi kaingia kijana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi akasubiri hadi watu wapungue ndo akasogea. Alikuwa anakata minofu ya sangara kiwandani, akachoka na ile baridi na kusimama zamu nzima, akaacha kazi mwenyewe. Sasa anataka nimchapie barua inayosema kampuni imempunguza, ianze na nembo ya kampuni, tarehe irudi nyuma miezi miwili, na muhuri kuna jamaa wa kumpigia, ili aende akadai fao.

Nikamwambia hiyo sichapi. Akaniangalia kama nimemnyima maji ya kunywa. "Mama, kwani hela si yangu? Nimekatwa miaka miwili nzima."

Bahati mbaya au nzuri hakuwa peke yake. Kulikuwa na dada anauza dagaa Mwaloni Kirumba kaja kutoa kopi ya kitambulisho, akadakia kwamba aache kabisa, kosa hilo ni miaka 30 jela. Mwenye bajaji aliyemleta akasema miaka 30 wapi bwana, ukikamatwa unarudisha hela mnamalizana. Halafu akaongezea kwamba binamu yake yuko Marekani na huko watu wamefungwa kibao kwa mambo hayo hayo, kwa hiyo labda ni sheria ya huko. Watu watatu, majibu matatu, na kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi ila hajui kimetoka wapi. Nimeona niandike maana kila mwezi nakutana na haya na mtu akikosea hapa anaumia kweli.

Tuanze na fao lenyewe. Kwa sisi huku Tanzania, mfanyakazi wa sekta binafsi anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu anakatwa yeye nusu anatoa mwajiri. Mtumishi wa umma yeye yuko PSSSF, ule mfuko uliozaliwa mwaka 2018 mifuko ya zamani ilipounganishwa. Fao la kukosa ajira ni malipo ya muda kwa mtu aliyepoteza kazi bila kupenda: awe amechangia angalau miezi 18, awe hajaacha kazi kwa hiari yake, na awe hajapata ajira nyingine. Analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Tuseme mshahara ulikuwa laki nne na nusu, hapo ni kama 150,000 kwa mwezi, jumla kama laki tisa. Akipata kazi katikati, malipo yanasimama.

Sasa lile la "hela ni yangu", maana ndo mzizi wa kila kitu. Kijana alipiga hesabu vizuri tu, laki nne na nusu kwa asilimia 20 ni 90,000, mara miezi 24 ni 2,160,000, yeye anadai laki tisa, wizi uko wapi? Nikamuuliza, mama yako yuko kwenye kikoba? Yuko. Kikoba chao kina mfuko wa jamii? Kina, kila wiki wanatoa, mtu akifiwa au akilazwa anapewa. Haya, akitokea mwanachama akasema amefiwa na mama yake, akapewa ile hela, halafu wiki inayofuata mama huyo anaonekana sokoni Igoma ananunua nyanya, wenzake watasema nini? Watasema aah basi, si na yeye alikuwa anachangia? Akacheka. Hakuna kikoba Mwanza nzima kitakachosema hivyo. Hela ya kwenye kapu ina masharti ya kutoka, umechangia ndio ila haijawa ya mfukoni kwako mpaka lile sharti litimie, na ukilitimiza kwa uongo umewachukulia wenzako.

Ndo maana sheria haianzi kuuliza "hela ya nani", inaanza kuuliza kuhusu uongo. Hili likikaa kichwani mengine yote yanafunguka.

Kanuni ya Adhabu, ile Sura ya 16, ina kosa linaitwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, waliozoea mahakama wanaliita tu "302" kwa namba ya kifungu waliyoizoea. Udanganyifu wenyewe umeelezwa kwamba ni kauli, iwe kwa mdomo, kwa maandishi au kwa matendo, ambayo si kweli na anayeitoa anajua si kweli au haamini kwamba ni kweli. Angalia hapo vizuri: anajua. Mama aliyejaziwa fomu na mtu mwingine akasaini bila kuelewa, au aliyechanganya tarehe ya mwisho wa kazi kwa sababu barua ilichelewa, huyo amekosea na anaweza kudaiwa arudishe kilichozidi, lakini kukosea na kudanganya ni vitu viwili. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndo inatakiwa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka, kwamba alijua na alikusudia. Na hapo kwenye "matendo" watu wengi wanapita bila kuona. Hujasema uongo wowote kwa mdomo, ila umepata kazi Buhongwa tangu tarehe moja na tarehe kumi na tano unasaini karatasi ya kwamba bado huna kazi, au unanyamaza ukijua unatakiwa kusema huku kila mwezi unapokea, hiyo ni kauli tosha.

Adhabu ya kosa hilo ni kifungo cha miaka 7. Hapa sasa ndo watu wanapotea.

Sheria ikisema utawajibika kwa kifungo cha miaka 7 haina maana kila mwenye kosa anapigwa 7. Ni kama lori limeandikwa ubavuni tani 7, maana yake halitakiwi kuzidisha hapo, haina maana kila safari ya kwenda Sengerema linabeba tani 7. Leo linaweza kubeba mbili, kesho nusu. Miaka 7 ni dari. Chini ya dari hakimu anapima: ni mara ya kwanza au ameshawahi kutiwa hatiani, amekiri mapema au amesumbua mahakama, hela ni laki tisa au milioni tisini, amerudisha au amekula, amekaa mahabusu muda gani, anategemewa na nani. Kwa hiyo unaweza kusikia watu wawili wenye kosa lenye jina moja, mmoja kaachiwa kwa masharti ya kutotenda kosa ndani ya muda fulani, mwingine kala miaka mitano, na mtaani watu wanasema kuna mtu kahongwa. Inaweza isiwe hivyo hata kidogo, mizigo ilikuwa tofauti.

Wenzetu wengine hawamwachii hakimu kazi yote hiyo, kiasi cha hela kinaandikwa kwenye sheria yenyewe. New York kwa mfano, fao ulilolipata kwa uongo linaweza kushtakiwa kama wizi mkubwa, na wizi mkubwa una ngazi: ukizidi dola 1,000 dari ni miaka 4, ukizidi 3,000 ni miaka 7, ukizidi 50,000 ni 15, ukizidi milioni 1 ni 25. Uingereza wao wamegawa kwa moyo wa mtu. Sheria yao ya mwaka 1992 ina makosa mawili yanayofanana kama mapacha, kutoa taarifa unayojua si ya kweli ili upate fao, dari miezi 3, na kufanya hivyo hivyo kwa kukosa uaminifu, dari miaka 7. Karatasi inaweza kuwa ile ile, tofauti ni kiasi gani cha hila kimethibitishwa. Kwetu kosa la 302 halina ngazi za hela, dari ni moja, na kiasi kinapimwa wakati wa kupanga adhabu.

Turudi kwenye barua ya kijana wetu, maana yeye alidhani ana kosa moja tena dogo. Tuhesabu. Kutengeneza barua ya uongo yenye jina la kampuni ambayo haikuiandika, hiyo ni kughushi, dari miaka 7. Kuipeleka dirishani, hiyo ni kosa lingine la kuwasilisha nyaraka za uongo na adhabu yake inafuata ya kughushi. Kupokea hela, hiyo ndo ile 302. Wakiwa wawili watatu wamepanga, kuna kula njama. Barua moja tu mtu anakuwa na hati ya mashtaka yenye makosa manne. Na kughushi kumekamilika pale barua ilipotengenezwa kwa nia ya kudanganya, hata kama hajalipwa shilingi, hata kama dirishani walishtuka siku hiyo hiyo wakamrudisha. "Si hawajanipa kitu?" ni utetezi nimeusikia sana enzi za ukarani na sikuwahi kuona umemvusha mtu.

Na mwenye muhuri je? Na mimi je? Sheria yetu inamhesabu kuwa mtendaji yule aliyetenda, aliyesaidia, aliyeshawishi na aliyewezesha. Ningechapa ile barua nikijua ni ya nini ningesimama naye kizimbani, bei ya kuchapa ukurasa mmoja ingenipeleka gereza la Butimba. Hivyo hivyo afisa utumishi anayemwonea mtu huruma, "basi nitakuandikia umepunguzwa ukapate chochote", huruma yake ni kosa la jinai, na huyu mara nyingi anadhani kamsaidia masikini mwenzake. Na vishoka wanaozunguka kwenye ofisi za mifuko wakiomba asilimia, wao wamezoea, ukikamatwa simu yao haipatikani na jina kwenye fomu ni lako.

Nije kwenye kompyuta kwa sababu naona vijana wanadhani ukitengeneza kwenye simu ni kitu chepesi kuliko kuchonga muhuri wa mti. Ni kinyume kabisa! Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kughushi kwa kutumia kompyuta adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7 au vyote. Soma tena, isiyopungua, kisichopungua. Kule kwenye karatasi 7 ilikuwa dari, huku 7 ni sakafu. Ni neno moja tu limebadilika na maisha ya mtu yamegeuka. Kwa hiyo siku ukisikia "sheria inasema miaka saba" uliza haraka, isiyozidi au isiyopungua? Na angalia kama kuna "au" kati ya faini na kifungo, au kuna "na", kwa sababu "au" inaweza kumrudisha mtu nyumbani ndugu zake wakichanga.

Ile miaka 30 ya dada wa dagaa nayo haikutoka hewani. Iko kwenye sheria ya uhujumu uchumi, ambapo tangu marekebisho ya 2016 adhabu ya kifungo kwa makosa yale ni kuanzia miaka 20 hadi 30. Hayo ni makosa kama kuongoza genge la uhalifu au kuisababishia hasara mamlaka ya serikali. Mtu mmoja na barua yake moja kwa kawaida si ndo kesi za namna hiyo, ila ukikuta mtandao, kuna wa ndani ya mfuko anapitisha madai, kuna anayetafuta majina, kuna wa benki, hela zinatoka za watu mia, hapo mlango wa uhujumu uchumi unaweza kufunguka na yule mdogo aliyetoa jina lake tu kwa elfu hamsini anajikuta yumo ndani ya orodha. Yule dada inawezekana kabisa alisikia kesi ya mtandao akaileta mtaani kama kesi ya mtu mmoja.

Kingine kinachochanganya ni vichwa vya habari. "Ahukumiwa miaka 21 kwa kughushi", watu tunashika vifua. Ukisoma ndani unakuta makosa matatu, kila moja miaka 7, na hakimu ameamuru adhabu ziende pamoja. Zikienda pamoja zinatembea sambamba kama wavuvi watatu kwenye mtumbwi mmoja, wote wanafika mwaloni saa ile ile, kwa hiyo anatumikia 7. Zikifuatana, moja iishe ndo nyingine ianze, hapo ndo 21 kweli. Makosa yaliyotoka kwenye tukio moja kwa kawaida adhabu zake zinaenda pamoja.

Binamu wa Marekani naye ana lake hapo. Machi 2020 wakati wa korona Bunge lao lilipitisha sheria, asiye na kazi akawa anaongezewa dola 600 kwa wiki juu ya fao la jimbo lake, maombi yakawa mtandaoni, majimbo yakalipa haraka kwa sababu watu walikuwa na njaa, na wezi wakaingia na majina ya wafungwa, ya marehemu, ya watu walio kazini wasiojua lolote. Mwaka 2023 ofisi inayokagua matumizi ya serikali kuu yao ilikadiria kati ya dola bilioni 100 na 135 zilikwenda kwa udanganyifu. Waendesha mashtaka wao wanatumia sana kosa la udanganyifu kwa njia ya mawasiliano, dari miaka 20, na wakikuta umetumia utambulisho wa mtu mwingine wanaongeza kosa lenye miaka 2 ambayo hakimu hana ruhusa ya kuipunguza wala kuiunganisha, lazima ifuate baada ya ile ya kwanza. Hapo unaona nguvu ya lile jambo la kwenda pamoja na kufuatana. Na hata asiyeshtakiwa kabisa, ikithibitika alidanganya anarudisha yote na anapigwa juu yake angalau asilimia 15. Kwa hiyo ni kweli kule wamefungwa wengi, ila namba za kule usizihamishie Mwanza kama zilivyo.

Mwenye bajaji aliyesema unarudisha mnamalizana, huyu ndo aliyenitia wasiwasi zaidi kwa sababu maneno yake ni matamu. Hela na kosa ni mafaili mawili. Faili la hela ni deni, mfuko unakudai. Faili la kosa ni la Jamhuri, na Jamhuri haifuti kesi kwa sababu tu umelipa, kama vile mwizi wa ng'ombe akimrudisha ng'ombe zizini bado aliiba. Na kinyume chake pia ni kweli, ukifungwa deni halifi, mahakama inaweza kukuamuru urudishe na ufungwe. Ila kurudisha mapema kuna uzito mkubwa kwenye kupunguziwa adhabu, na tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu mshtakiwa na mwendesha mashtaka kufanya makubaliano ya kukiri kosa, ambapo kurudisha hela huwa ni sehemu kubwa ya mazungumzo. Aliyerudisha kabla hajaitwa na aliyerudisha baada ya kukamatwa hawapimwi mzani mmoja, hakimu yeyote anaiona tofauti hiyo.

Kwa hiyo kama uko katikati ya haya sasa hivi, unapokea fao na umepata kazi, au ulijaziwa fomu na kishoka na hujui kaandika nini, nenda mwenyewe ofisini kabla hujaitwa, peleka barua ya maandishi, baki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama una kibarua kidogo na hujui kama ni ajira au la, unauza samaki wa kukaanga jioni au unasaidia kwenye gereji ya shemeji, usijijibie mwenyewe, uliza dirishani kabla ya kusaini na uombe jibu kwa maandishi. Na ukiitwa polisi nenda, lakini una haki ya kumjulisha wakili, ndugu au rafiki na kuwa naye wakati unahojiwa, na maelezo ya onyo, yale polisi wanayoyaandika ukihojiwa, usiyasaini kama hujasomewa ukaelewa. Nimeona watu wamefungwa na sentensi moja kwenye maelezo waliyosaini kwa sababu walitaka tu wawahi nyumbani. Kama huna hela ya wakili kuna wasaidizi wa kisheria, sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya watakuelekeza.

Kijana aliondoka siku ile bila kuaga vizuri. Ijumaa karudi, safari hii na mama yake, wa kikoba. Mama akaniambia mwanangu huyu kaniambia yote, sasa afanyeje na hana kazi? Nikamwambia fao hastahili kwa sababu aliacha mwenyewe, lakini michango yake haijapotea, iko kwenye jina lake na akipata kazi nyingine inaendelea pale pale ilipoishia. Nikamchapia barua ya kuomba kazi kwenye kampuni moja ya usafirishaji huko Igoma, nikaandika uzoefu wa miaka miwili kiwandani na kwenye sababu ya kuacha nikaandika kama ilivyo, aliacha kwa hiari.

"Mama, hiyo si itaniharibia?" akauliza.

Mama yake akamwambia mwache mama achape.